Jiwe la Shabu

Sogeeni, wanangu. Leo sina sungura wala fisi. Nina viganja hivi viwili na kisa chake.

Nilikuwa na miaka tisa, chuoni kwetu Pangani. Tuliandika kwa kalamu ya mwanzi na wino, na wenzangu wakiandika alifu, inasimama wima kama mnazi. Alifu yangu ilikuwa inalala. Wino ulikutana na maji ya kiganja changu, herufi zikashikana, ubao ukawa dimbwi. Mwalimu aliamini kwamba nachezea maji ya kutawadhia, na fimbo yake haikuwa na subira. Shuleni mambo yalikuwa yale yale: pembe ya chini ya kila daftari langu ilivimba na kukunjamana, na kanzu yangu ya Ijumaa ilikuwa na mabaka mawili mapajani, pale nilipozoea kupangusia mikono.

Lakini daftari halikuniuma kama Idi. Siku ya Idi unapeana mikono na ukoo mzima, unawabusu wazee mikono, unapewa senti zako. Kila mzee niliyemshika aliurudisha mkono wake taratibu, akaupitisha kwenye kanzu kama anayeondoa uzi. Kwa adabu kabisa, bila neno. Mtoto huyaona hayo. Nikaanza kujificha jikoni mpaka wageni waondoke, na senti nikazikosa.

Bibi ndiye aliyenifuata huko. Akanitania kama bibi wa pwani anavyomtania mjukuu wa kiume: "Mume wangu, wanikimbia siku ya Idi?" Sikujibu, nilimwonyesha viganja. Akavitazama kitambo, akaenda kufungua kasha lake, akarudi na jiwe lililofungwa kitambaani. Lilikuwa jeupe, linapitisha mwanga kama barafu, na katikati limelika, lina bonde kama kipande cha sabuni kilichotumika siku nyingi. Shabu. Mmeiona kwa kinyozi, huipitisha kidevuni wembe ukimkata mteja. Na zamani maji ya kisima yakiwa na tope, shabu ilikorogwa humo, tope likashuka chini.

"Lowesha jiwe, jisugue viganjani na kwapani ukienda kulala," alisema. "Usiku. Asubuhi jasho limeshaamka, halisikii."

Nikafanya hivyo. Makwapa yalitulia nusu. Viganja vilipungua kidogo, kisha vikarudia ada yao. Nilipomuuliza shabu inafanya nini hasa, alinijibu neno moja: "Inakaza." Ilinichukua miaka kama ishirini kutambua kwamba katika neno lile moja alikuwa amemaliza nusu ya aliyokuja kuniambia daktari kuhusu dawa ya kwanza.

Niwaeleze jasho lenyewe. Mtungi wa udongo ukiujaza maji na kuuweka kivulini, nje yake hulowa, na maji ya ndani hupoa. Ule unyevu wa nje ukikauka, huondoka na joto. Ngozi yako ni mtungi wa namna hiyo, nayo ina tezi za jasho kati ya milioni 2 na milioni 4. Ndiyo maana Tanga mwezi wa Machi mtu hulowa chepechepe asipate nafuu: hewa imeshiba maji, jasho halina pa kukaukia, linachuruzika tu.

Viganja na nyayo, hata hivyo, ni ukoo mwingine. Hapo tezi zimesongamana kuliko popote mwilini, na hazisikilizi jua, zinasikiliza moyo: woga, haraka, mtihani, macho ya watu. Hata paka hutoa jasho nyayoni. Unyevu kidogo humsaidia kiumbe kushika kitu kisiteleze. Mwangalieni mwenye duka anavyolamba kidole kabla ya kuhesabu noti. Mwili wako hujaribu kukufanyia hivyo hivyo bila kulamba. Tabu ni kipimo tu. Wengine kidole chetu hakilowi, kinazama.

Sasa shikeni hapa, maana yote yatakayofuata yanategemea njia hii. Amri ya kutoa jasho huanzia ubongoni. Hushuka kwenye uti wa mgongo, ikaingia kwenye mnyororo wa neva uliopita kando ya uti huo, kisha ikasafiri mpaka kwenye ngozi. Neva haiigusi tezi. Mwisho wa safari kuna nafasi ndogo mno, na hapo amri hukabidhiwa tarishi, kemikali iitwayo asetilikolini, naye huivuka ile nafasi na kubisha mlangoni kwa tezi. Tezi inafungua, maji yanapanda kwenye kibomba chembamba, yanatokea kwenye kitundu cha ngozi.

Kwa mtu kama mimi tezi zenyewe ni nzima, wala si nyingi kupita za wengine. Matarishi ndio wanaobisha bila kukoma. Na hatuko wachache: nchini Marekani makadirio yamekuwa kati ya watu 3 na 5 katika kila 100. Darasa la watoto 60 likiwa na hesabu kama hiyo, humo wamo wawili watatu, na mikono yao iko mifukoni.

Nilipokuwa mtu mzima nikaenda kwa daktari wa ngozi. Nilitarajia dawa, nikapewa maswali. Lilianza lini? Mikono yote miwili? Ukilala linaendelea? Kwenu yuko mwingine? Nikajibu: tangu utotoni, yote miwili, nikilala mikono hukauka kama karatasi, hapana, ni mimi peke yangu.

Msiyadharau maswali hayo. Jasho la aina yangu huanza utotoni au ujanani, hushika kushoto na kulia sawasawa, hulala mwenyewe anapolala, na mara nyingi hutembea katika ukoo. Jasho linalolowesha shuka usiku ni habari nyingine kabisa. Hilo, likija na kikohozi na kukonda, huenda ni kifua kikuu. Malaria hutoa jasho homa inaposhuka. Tezi ya shingoni ikifanya kazi kupita kiasi, mtu hutoka jasho hata kwenye ubaridi, na moyo unamwenda mbio. Mgonjwa wa kisukari sukari ikimshuka ghafla, hutokwa jasho jembamba na kutetemeka, naye huyo anahitaji kitu kitamu papo hapo. Zipo hata dawa za magonjwa mengine zinazoleta jasho. Katika hali kama hizo usihangaike kulizuia jasho, mtafute aliyelituma.

Kisha daktari akanifanyia kipimo ambacho nyinyi mnakijua tayari, ila hamjui kwamba mnakijua. Maabara ya shule, kipande cha kiazi, tone la ayodini. Kiazi kinageuka bluu iliyokaribia weusi, mwalimu anasema: hapa pana wanga. Mwaka 1928 daktari wa neva wa Moscow, Viktor Minor, alieleza namna ya kukigeuza kipimo hicho kiwe cha jasho. Unapaka ayodini kwenye ngozi, unaiacha ikauke, unanyunyiza unga wa wanga juu yake. Vikiwa vikavu, vyote viwili hunyamaza. Jasho likitokea tu, vinaonana, na kila kitundu kinachovuja kinajitia nukta nyeusi. Nilikaa nikitazama. Mkono wa juu ulikuwa na nukta chache, kama anga ya jioni nyota zinapoanza kutoka. Kiganja kilikuwa cheusi kama kilichobeba gunia la mkaa. Sijui mnanielewa, lakini nilifurahi. Miaka yote ile nilikuwa naambiwa nachezea maji, na leo ushahidi uko mkononi mwangu.

Dawa ya kwanza ilikuwa kichupa cha kloridi ya aluminiamu, asilimia 20. Nikasoma maelezo yake: paka usiku, osha asubuhi. Nikacheka peke yangu, kwa sababu niliisikia sauti ya bibi. Usiku tezi zimelala, maji hayatoki, basi dawa hupata nafasi ya kuingia kwenye kitundu, na humo hutengeneza kizibo. Inakaza! Shabu nayo ni chumvi ya aluminiamu, ndugu mnyonge wa hiyo ya chupani. Dawa ya dukani ina masharti ambayo jiwe halikuwa nayo: ngozi lazima iwe kavu kabisa, maana dawa ikikutana na maji juu ya ngozi hutoa asidi, na asidi huwasha na kuchoma. Usipake mara tu baada ya kunyoa kwapa. Utajua kwa nini, na hutasahau. Hupakwa usiku baada ya usiku mpaka pakauke, kisha mara moja au mbili kwa wiki.

Dawa hii ina kisa chake. Huko Cincinnati, Marekani, daktari mmoja wa upasuaji alisumbuliwa na jasho la mikono wakati wa kupasua wagonjwa, akajitengenezea maji ya kuikausha. Binti yake, Edna Murphey, akiwa bado mwanafunzi wa sekondari, alijipaka maji ya baba yake kwapani, akaona yanafaa, akayapa jina Odorono. Mwaka 1912 aliyapeleka kwenye maonyesho ya Atlantic City. Mwanzoni hayakununuliwa. Kisha kiangazi kikapamba moto, na joto likamfanyia matangazo yasiyo na gharama. Dawa yenyewe ilikuwa nyekundu, kali, na ilikuwa ikiharibu nguo, lakini watu walinunua. Mwaka 1919 alitoa tangazo jaridani lililozungumzia kwapa la mwanamke waziwazi, na wasomaji kama 200 wakaghadhabika, wakaacha kulinunua jarida hilo. Biashara ya Edna ikapanda.

Hapa nitoke njiani kidogo, maana nawaona mnavyotazamana. Jasho na kikwapa si kitu kimoja. Jasho likitoka halina harufu ya maana, harufu hutengenezwa na bakteria wa kwenye ngozi wanapolila, hasa lile jasho zito la kwapani linaloanza mtu anapobalehe. Diodoranti nyingi hushughulika na harufu tu, zinaliacha jasho liende zake. Ukitaka ya kuzuia jasho, tafuta neno aluminiamu kwenye maelezo ya kopo. Na ndimu, ndimu jamani! Najua wengi mnaipaka kwapani. Maji ya ndimu yakibaki kwenye ngozi na jua likaipata, ngozi huweza kuungua, ikatoka malengelenge, ikaacha doa jeusi la wiki nyingi. Ndimu ibaki kwenye mchuzi.

Kichupa kile kiliyamaliza makwapa yangu. Viganja vilikataa, ngozi ya kiganja ni nene. Ndipo nikaletewa mabeseni.

Ni mabeseni mawili ya kina kifupi, yana maji ya bomba, na kila moja lina kipande cha madini kilichounganishwa na mashine ndogo. Unatumbukiza kiganja kimoja huku na kingine kule, na mashine inapitisha umeme mdogo sana, miliampia 15 hadi 20 hivi, kwa dakika 20 au 30. Unasikia kama sisimizi wanatambaa. Mara tatu nne kwa wiki mwanzoni, halafu mara moja kwa wiki ili hali isirudi. Wataalamu wenyewe hawajakubaliana umeme ule unafanya nini hasa ndani ya ngozi, lakini wiki ya tatu nilishika karatasi, ikabaki karatasi. Mwenye kifaa cha moyo hafanyiwi, wala mjamzito, na pete huvuliwa. Nisikilizeni vizuri hapa: mashine ile imetengenezwa kwa kazi ile, ina vidhibiti vyake. Mtu asije akachukua nyaya na beseni akachomeka ukutani. Umeme wa ukutani unaua.

Ikiwa mabeseni hayatoshi, kuna sindano, na sindano hii asili yake ni soseji.

Miaka mia mbili iliyopita, kusini mwa Ujerumani, watu walikuwa wakila soseji zilizoharibika na kufa. Kope zinashuka, sauti inakatika, pumzi inakwisha, na akili timamu mpaka mwisho. Daktari aliyewafuatilia aliitwa Justinus Kerner, naye alikuwa pia mshairi mashuhuri. Mwaka 1822 alitoa kitabu chenye habari za wagonjwa 155. Hakutosheka kuwatazama. Alichuja sumu kutoka kwenye soseji mbovu, akawapa wanyama, kisha akaionja mwenyewe. Wazimu, ndiyo. Lakini aliona jambo ambalo wenzake hawakuliona: sumu ile hukausha. Machozi, mate, jasho, vyote hukatika, kwa sababu neva haziwezi tena kufikisha amri. Akaandika kwamba sumu hiyo ikitumiwa kidogo sana huenda ikawa dawa ya mwili unaotoa majimaji kupita kiasi.

Dunia ilichelewa kumwitikia. Mwaka 1895, katika kijiji cha Ellezelles huko Ubelgiji, wapiga muziki waliokwenda kupiga mazishini walikula paja la nguruwe lililotiwa chumvi, watatu wakafa, na mtaalamu Émile van Ermengem akampata bakteria anayeitengeneza sumu hiyo. Wakampa jina linalotokana na neno la Kilatini lenye maana ya soseji: botulinamu. Baadaye sumu hiyo ilitumika kunyoosha macho yenye makengeza, kisha kulainisha mikunjo ya uso ya wenye fedha zao, na mwaka 2004 Marekani ikaidhinisha itumike kwa jasho la kwapa. Daktari huchoma visindano vingi vidogo vidogo, kila kimoja karibu na mwenzake, dawa kidogo mno. Kazi yake ni kumfungia tarishi ndani: neva inashindwa kumtoa, tezi haisikii hodi. Baada ya miezi kama minne hadi tisa neva hujijenga upya, na sindano zinarudiwa. Kwapani huvumilika. Kiganjani huuma sana, na vidole huweza kulegea kwa muda, jambo ambalo fundi cherehani au mpiga udi hatalipenda. Bei yake nayo inatosha kumtoa mtu jasho jingine.

Vipo pia vidonge, kama oksibutinini, vinavyoziba mlango wa tezi tarishi asiweze kubisha. Ubaya wake ni kwamba asetilikolini ina wateja wengi mwilini, siyo tezi za jasho tu, kwa hiyo kinywa hukauka, choo hufunga, macho huona ukungu. Na mtu anayelima au kucheza mpira juani akikaushwa jasho la mwili mzima, joto litatokea wapi? Hivyo si vya kuazimana.

Mlango wa mwisho ni kisu. Daktari hupenya baina ya mbavu na kamera ndogo, akakata au kubana ule mnyororo wa neva niliowaambia unapita kando ya uti wa mgongo. Viganja hukauka siku hiyo hiyo. Wengi hushangilia. Kisha, kwa wengi pia, jasho huhamia mgongoni, tumboni na mapajani, na safari hii mara nyingi halirudi lilikotoka, kwa kuwa waya uliokatwa hauungwi kirahisi. Daktari wangu alinieleza hayo yote, akaniuliza naonaje. Nikasema viganja vyangu nimevizoea, mgongo wa jasho siujui. Wapo waliofanyiwa wakabaki na furaha, na siwezi kuwasemea. Ila anayeanza na kisu kabla hajajaribu kichupa, huyo ameingilia dirishani mlango ukiwa wazi.

Miguu ina mambo yake: soksi za pamba, jozi za kubadilisha, na viatu viwili vinavyopokezana ili kimoja kikauke. Viatu vya plastiki hupika nyayo, fangasi wakafanya sherehe. Na msidhani wataalamu wa ngozi wako ng'ambo tu. Pale Moshi, kwenye hospitali ya KCMC, kuna kituo ambacho tangu 1992 kinafundisha tiba ya ngozi kwa matabibu wanaotoka nchi mbalimbali za Afrika, na wanafunzi wake wametawanyika hospitali nyingi. Mwambieni muuguzi wa shule, au mzazi. Semeni tu: mikono yangu inalowa.

Basi, jioni niliyotoka kwa daktari mara ya kwanza, na kichupa changu mfukoni, nilikuwa kwenye basi la kurudi Pangani nikiyapitia majibu yangu. Tangu utotoni. Yote miwili. Hapana, ni mimi peke yangu. Hapo ndipo nikamkumbuka bibi na mkono wake wa kulia. Siku zote alisalimia akiwa ameuzungushia pembe ya khanga, nasi tulidhani ni heshima tu, kama wanawake wengi wa mji ule. Hakuwahi kunishika mkono mtupu, hata nilipokuwa nafunzwa kuvuka barabara, alikuwa akinishika kwenye kifundo. Na lile jiwe alilonitolea kashani siku ya Idi, likiwa na bonde katikati kama sabuni, lilikuwa limeshalika nusu kabla mimi sijaligusa.